Baba Yuko Fairilandi

Tarehe 4 Machi

Kaka yangu,

Salamu kutoka chumba changu cha juu ya fundi cherehani. Mashine zake tatu zinakimbizana chini ya miguu yangu tangu asubuhi, na mimi nimekaa na neno moja toka Jumatatu.

Nimepewa kitabu cha watoto nikitafsiri kutoka Kiingereza. Msichana anafuata kijito mpaka kinapozama ardhini, naye anazama nacho, na huko anatokea nchi isiyofanana na nchi yoyote. Nchi hiyo mwandishi anaiita fairyland. Nimehesabu: mara arobaini na moja. Nilipoandika "nchi ya majini", mhariri wangu, yule tunayemwita Mkasi, aliniambia watoto watakojoa vitandani kwa kuogopa mashetani. Nikaandika "peponi". Akasema wazazi watadhani msichana kafa ukurasa wa nane. Nikaandika "nchi ya maajabu", akacheka: "Hilo limeandikwa hadi kwenye pakiti za sabuni, dada. Nitafutie neno ambalo mtoto akilisoma, atafungua mdomo."

Basi jana nikaamua tuliache kama lilivyo kwa muda, nikaenda kwa mchapaji wetu nimtajie herufi. Yeye Kiingereza hakijui, wala hajifanyi kukijua. Akaniambia, "Usinitamkie kizungu. Nisomee kama lilivyoandikwa." Nikasoma kama lilivyoandikwa. Fa. I. Ri. La. Ndi.

Kaka, nililirudia mwenyewe kwa sauti. Nilikaa kwenye boksi la karatasi, mchapaji akaniletea maji.

Fairilandi! Neno la Mama. Nimelitafuta kwenye kila kamusi niliyowahi kushika; ndiyo maana niliingia kazi hii, ingawa sijawahi kumwambia mtu. Sikulipata kwenye Kiswahili wala kwenye lugha ya kina bibi. Kumbe miaka yote lilikuwa kwenye Kiingereza, limevaa nguo nyingine. Na maana yake ni nchi isiyokuwepo.

Nilijua zamani kwamba Baba alitukimbia. Hilo nilishalimeza. Ila kujua kwamba hata uongo wa kumfichia Mama aliuokota kwenye vitabu vya watoto, hapo nimeshindwa kuelewa kama nicheke au nilie.

Nisalimie shemeji na watoto.

Mdogo wako,
Kitinda

*

Tarehe 13 Machi

Kitinda,

Barua yako nimeipata. Sisi wazima. Lifti ya jengo la bima ninayoitengeneza imenigomea ghorofa ya saba siku tatu mfululizo, watu wananitazama kama mimi ndiye niliyeificha. Shemeji yako anasema vijana wa kazini wameanza kuniita Bwana Ngazi.

Sasa. Ile sentensi yako ya karibu na mwisho nimeisoma, nikaiweka, nikairudia. Kisha nikampa shemeji yako aisome ili nihakikishe macho yangu ni mazima.

Baba alitukimbia? Alikimbilia wapi? Nani kakwambia?

Usinijibu kwa hasira. Niandikie tu, taratibu, Mama alikuambia nini hasa. Maneno yenyewe, kama unayakumbuka.

Kaka

*

Tarehe 20 Machi

Kaka,

Nayakumbuka vizuri sana. Nilikuwa na miaka saba. Darasani tuliulizwa kazi za baba zetu, na mimi sikuwa na jibu. Nikarudi nyumbani, Mama anasugua sufuria nje ya mlango wa jikoni. Nikamwuliza, "Baba yuko wapi?" Hakuacha kusugua. Akasema, "Baba yako yuko Fairilandi." Nikauliza atarudi lini. Akasema, "Huko hakurudi mtu, mwanangu." Nikauliza kukoje. Hapo ndipo aliposimamisha mkono. Akanitazama, na uso wake, kaka, uliwaka. Akasema, "Kuzuri kupita kiasi." Kisha akarudi kwenye sufuria yake.

Wewe ungeelewaje? Mimi nilielewa kwamba ni nchi ya nje. Nilishasikia Finlandi, Holandi, Ailandi. Nikawaambia wenzangu kwa maringo: baba yangu yuko Fairilandi, kuzuri sana, hatarudi. Nikatamba hivyo miaka minne. Darasa la tano mwalimu wa jiografia akatundika ramani ya dunia, akaniita mbele, akanipa rula nioneshe. Nilitafuta mpaka darasa zima likaanza kugonga madawati kwa kucheka. Mwalimu akaniambia kwa upole, "Kaa chini, mama. Nchi hiyo haipo." Upole wake ulinichoma kuliko vicheko.

Siku ile nilijijibia mwenyewe. Mtu aliyeko mahali pasipokuwepo ni mtu asiyetaka kupatikana. Sikumwuliza tena Mama, na wewe sikukuuliza kwa sababu kila nilipokusikia ukisema "tangu Baba aende Fairilandi" ulikuwa unaitamka kama watu wazima wanavyotamka aibu ya nyumbani, kwa sauti ya chini.

Na nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Wiki ya mwisho ya Mama hospitali, wewe ulikuwa umeenda kuchukua dawa, alinishika mkono akasema, "Baba yenu alikuwa mtu mzuri." Nikautoa mkono wangu. Nikatoka nje kwenye korido, nikasimama karibu na ndoo za usafi mpaka ulipokuja. Sikurudi ndani hadi alipolala.

Sasa niambie wewe unajua nini.

Kitinda

*

Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Nimechana barua nne. Hii naituma hata iwe mbaya.

Baba hakutukimbia. Baba alikufa kazini, wewe ukiwa na miaka mitatu na mimi kumi na moja. Nilidhani unajua. Naapa kwa Mungu nilidhani unajua. Mama alinikataza nisikuambie hadi ukue, na ulipofika miaka saba alinijia akasema, "Mdogo wako leo kaniuliza. Nimeshamwambia." Basi kwangu yakaisha hapo. Wewe ukitamka Fairilandi, mimi nikisikia kaburi. Mimi nikitamka, wewe ukisikia aibu. Tumekula meza moja miaka yote hiyo.

Baba alikuwa seremala wa mgodini. Si wa viti na vitanda. Kazi yake ilikuwa kusimamisha magogo ya kushikilia dari ili chumvi isiwaangukie wachimbaji. Mgodi ulikuwa wa chumvi ya mawe, na sisi tulikaa kwenye nyumba za wafanyakazi, mlango wa sita. Wewe ulizaliwa pale.

Mwaka ule wachimbaji walitoboa ukuta wakaangukia kwenye uwazi. Hakuna aliyeuchimba, ulikuwepo tangu dunia iumbwe. Mhandisi wao, mgeni kutoka ng'ambo, aliingia na taa, akakaa ndani nusu saa peke yake. Alipotoka alichukua brashi ya rangi nyekundu akaandika juu ya mlango herufi tisa. Wachimbaji wakazisoma kama mchapaji wako alivyozisoma. Karani wa mgodi alipomwuliza maana yake, mhandisi alifikiri sana, akamwambia: ni mahali ambapo mtu akiingia, anasahau kwamba kuna mahali pengine. Hiyo ndiyo maana niliyoijua mimi. Habari za vitabu vya watoto nazisikia kwako.

Mimi nimeingia humo, Kitinda. Mara moja. Kulikuwa na siku ya familia kutembelea mgodi, na Baba akanipitisha. Alinifunika macho kwa mkono wake, mkono unanuka utomvu wa mbao, tukatembea. Halafu akautoa, akainua chemli.

Nitakuelezaje? Unajua mimi si mtu wa maneno. Juu hakukuwa na mwisho. Kuta zote zilikuwa fuwele, nyingine nene kama mwili wangu, nyingine nyembamba kama sindano, nyeupe, na ndani ya weupe kuna pinki, na ndani ya pinki kuna moto wa ile taa, umegawanyika mara elfu. Baba aliposogea hatua moja, ukumbi mzima ulisogea naye. Nikashika suruali yake. Nilitaka kusema kitu nikakuta sina pumzi. Baba akainama, akaninong'oneza, "Nami hivyo hivyo. Kila siku naingia, na kila siku hivyo hivyo."

Miezi miwili baadaye njia ya kwendea huko iliporomoka. Ukumbi wenyewe haukuanguka, njia ndiyo iliyoanguka, na Baba alikuwa upande wa ukumbini na wenzake wawili, wanapanga magogo yao. Walichimbua siku kumi na moja. Kila walipotoa jiwe, yalishuka mawili. Siku ya kumi na mbili karani alikuja mlango wa sita, kofia mkononi. Hakusema "wamekufa", kwa sababu hakuna aliyewaona wamekufa. Akasema, "Mama, bado wako Fairilandi. Hatuwezi kuwafikia." Na nyumba zote zile watu walisema hivyo hivyo. Hakuna aliyekuwa anaficha kitu, Kitinda. Pale ndipo alipokuwa.

Hakukuwa na mazishi. Mama alifunga mizigo, tukahama mbali, na tangu siku ile mimi chini ya ardhi siendi. Hata kwenye lifti, kama mtambo uko ghorofa ya chini kabisa, namwachia mwenzangu. Sasa unajua kwa nini.

Nisamehe.

Kaka

*

Tarehe 9 Aprili

Kaka,

Miaka thelathini na moja nimemkasirikia mtu aliyekuwa nyuma ya mawe.

Sina cha kukusamehe. Nilikuwa na mdomo, ningeuliza.

Nimekaa na barua yako chini kwa fundi cherehani, maana chumbani sikuweza kukaa peke yangu. Alinipa shati nimshikie wakati anakata nyuzi, nikashika, machozi yananidondoka kwenye kola ya mteja.

Mgodi bado upo? Kuna mtu wa kuandikiwa? Nataka tu kujua mlango uko upande gani wa dunia.

Kitinda

*

Tarehe 17 Mei

Kitinda,

Niliandika ofisi ya mgodi nikijua sitajibiwa. Mgodi umeshabadilisha wamiliki mara mbili. Nimejibiwa. Nakufungia barua yenyewe. Isome ukiwa umekaa.

Kaka

*

Tarehe 8 Mei

Kwa mtoto wa Seremala,

Barua yako imeletwa mezani kwangu kwa sababu mimi ndiye mpimaji wa mgodi huu, na ndiye niliyeingia wa kwanza ukumbini baada ya njia ya zamani kuporomoka. Huku wananiita Mama Mpima. Nitaandika nilichokiona tu. Nisichokijua sitakibuni.

Miaka sita iliyopita tulikuwa tunachimba njia mpya kutoka upande wa mashariki. Vipimo vyangu vilionesha uwazi mbele yetu. Tukaenda polepole, tukatoboa tundu la mkono, hewa ikatoka, kavu na safi. Tuliingia tarehe ishirini na sita Agosti, saa nne asubuhi.

Tuliwakuta watatu. Walikuwa wamekaa, migongo ukutani, bega kwa bega, wamejifunika turubai moja miguuni. Hakuna aliyevunjika mfupa. Dari ilikuwa imesimama juu ya magogo yaliyopangwa vizuri kuliko mengi niliyoyaona maishani mwangu. Njia yetu ya leo inapita chini ya magogo hayo hayo. Sikuona sababu ya kuyabadilisha.

Kuna jambo jingine ambalo sikuliandika kwenye ripoti kwa sababu ripoti haina sehemu yake. Ukumbi ule ulitumika pia kama stoo ya taa za akiba, chemli kumi na mbili na dumu la mafuta. Mtu aliyefungiwa gizani huwasha taa moja, na moja hiyo anaipunguza tambi, ili zimfikishe mbali. Nimekuta hivyo mahali pengine. Hapa nilikuta chemli zote kumi na mbili zimetundikwa kuzunguka ukumbi, nyingine juu sana, mahali ambapo lazima mtu alipanda juu ya mabega ya mwenzake. Tambi zote zilikuwa zimepandishwa mpaka mwisho. Mafuta yote yameisha.

Waliwasha zote kwa pamoja. Kwa nini, sijui. Mimi kazi yangu ni kupima.

Tuliandikia familia kwa anwani za nyumba za wafanyakazi, barua zikarudi. Wafanyakazi wakakubaliana tusiwahamishe. Tuliwazika pale pale, kwenye sakafu ya ukumbi. Baba yako ni wa katikati. Tulimtambua kwa penseli ya useremala iliyokuwa nyuma ya sikio.

Mkitaka kuja, njooni. Nastaafu mwezi wa Septemba, na ningependa niwe mimi nitakayewapeleka.

Mpimaji wa Mgodi

*

Tarehe 11 Juni

Kaka yangu,

Nimefika, nimeshuka, nimerudi. Nakuandikia kwenye benchi nje ya ofisi ya Mama Mpima, jua linanipiga usoni na sitaki kuhama.

Nilikusubiri kituoni hadi basi la pili. Ulipotuma ujumbe kwamba umefika njia panda ukageuka, sikukasirika, na wewe usijilaumu. Umeshaingia mara moja. Zamu hii ilikuwa yangu.

Mama Mpima ni mfupi, ana kikohozi, na anatembea kama mtu anayehesabu hatua. Alinivisha kofia ngumu akaikaza mwenyewe kidevuni, kama unavyomfunga mtoto sweta. Njiani hakuniambia pole hata mara moja, aliniambia tu, "Hapa inama. Hapa kuna maji. Hapa shika ukuta, ni imara." Nikashika ukuta, nikalamba kidole. Chumvi, kaka! Nilijisikia mtoto.

Tukafika kwenye magogo. Alisimama akayagonga na kifundo cha kidole, moja baada ya jingine. "Haya ni ya baba yako." Nikayagonga na mimi. Kila gogo lina alama ya penseli, msalaba mdogo na namba, na namba saba yake ina mstari katikati, kama saba yako. Nimekaa nikiitazama hiyo saba. Sikuwa na kitu chochote chake maishani mwangu, na sasa nina mwandiko.

Kisha akaniambia, "Zima taa yako ya kofia. Nipe mkono." Tukaingia gizani. Niliisikia nafasi kabla ya kuiona. Pumzi yangu ilienda mbali na haikurudi. Akaniacha hapo, nikasikia viatu vyake vinazunguka, na kiberiti. Amezitunza chemli zote kumi na mbili. Akawasha ya kwanza, nikaona uliyoyaona wewe. Nikasema moyoni, haya, kaka yangu hakutia chumvi. Akawasha ya pili, ya tatu. Ilipofika ya tano nikashika kifua. Mwanga wa taa moja unaingia kwenye fuwele unakutana na wa nyingine humo ndani, unazaa rangi ambazo hakuna taa iliyozileta. Ya nane, ya tisa. Sakafu ikapotea, nikawa nimesimama ndani ya mwanga kama mtu aliyesimama mtoni. Na zilipowaka zote kumi na mbili, kaka, ukuta wa mbali kabisa, ambao wewe na chemli moja ya Baba hukuuona, ambao mhandisi hakuuona, ulifunguka juu yetu, mweupe, mrefu, umeshuka kama mvua iliyosimamishwa njiani. Nilisikia sauti, nikatambua ni yangu.

Walijua hawatoki. Seremala anajua uzito wa mawe. Wangeweza kuwasha moja moja, wakapata siku nyingi za giza hafifu. Wakachagua usiku mmoja wa mwanga huu wote. Mama Mpima anasema hajui kwa nini. Alikuwa anasema hivyo huku amevua kofia yake, machozi yanamtiririka, na hakuyafuta.

Mama hakunidanganya hata neno moja. Nilimwuliza Baba yuko wapi, akanipa anwani. Nilimwuliza kukoje, akaniambia kuzuri kupita kiasi, na yeye mwenyewe hakuwahi kufika huko. Alikuwa ameamini tu uso wa mumewe akirudi kazini. Mimi ndiye niliyekwenda kutafuta kwenye ramani.

Kuhusu kitabu, nimemwandikia Mkasi asubuhi hii. Nimemwambia liandikwe Fairilandi, kwa herufi zetu, na lisifafanuliwe. Akitaka kunifukuza, sawa.

Makaburi yao yamejengewa kwa vipande vya chumvi, matatu, mafupi. Nikapiga magoti kwenye lile la katikati. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, wewe unanijua. Yote yakanitoka. Nikakumbuka kwamba tangu nianze kuongea vizuri sijawahi hata kumsalimia. Nikasema, "Shikamoo, Baba."

Halafu nyuma yangu, kwa sauti ya kikohozi, taratibu, kama mtu anayesoma kipimo asichotaka kukikosea, Mama Mpima akaitika kwa niaba yake: "Marahaba, mwanangu."

Mdogo wako,
Kitinda